Chigonela, usafiri wa dharura, kikundi cha kina mama au WAJA: kijiji kianze na lipi?

Desemba ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya wazawa wa vijiji huchangamka. Walioko Dar, Mwanza na Arusha wanapanga kurudi nyumbani kwa sikukuu, na hakosekani wa kuandika kwamba safari hii tusiishie kula tu, tuwafanyie kina mama wajawazito jambo la maana. Hapo mjadala unawaka. Mmoja anataka jengo, mwingine anataka gari, wa tatu anauliza wahudumu wa afya waliosambazwa na serikali wanafanya kazi gani hasa. Mara nyingi hela huishia kwenye saruji, maana saruji hupigwa picha ikapendeza.

Ulinganisho huu ni wa watu waliokwama hapo: kamati ya huduma za jamii ya kijiji, viongozi wa kikoba wenye akiba kwenye mfuko wa jamii, na wazawa wanaochanga kutoka mbali. Nazungumzia zaidi vijiji vya Tanzania, na nitachungulia kwa majirani pale walipotutangulia.

Njia zinazoshindaniwa ni nne. Kuna chigonela, ambayo kwingine huitwa mama ngojea: nyumba iliyo jirani na kituo cha afya au hospitali, ambako mjamzito anayekaa mbali huja wiki mbili tatu kabla ya siku ya makadirio akasubiri uchungu akiwa karibu na mkunga. Kuna usafiri wa dharura, yaani utaratibu wa kijiji wa kumtoa mama nyumbani na kumfikisha kituoni saa yoyote. Kuna kikundi cha kina mama kinachokutana kila mwezi na mwezeshaji, wakajadili matatizo ya mimba, uzazi na mtoto mchanga, kisha wakaamua la kufanya. Na kuna WAJA, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba.

Kwanza, hesabu ya kijiji chenu

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa hela.

Chukueni kijiji cha watu 3,000. Kwa makadirio, Tanzania huzaliwa watoto 35 hivi kwa mwaka katika kila watu 1,000, kwa hiyo kijiji hicho kina wanawake kama 100 wanaojifungua kila mwaka. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, yanapopanga huduma za dharura za uzazi, hukadiria kwamba asilimia 15 hivi ya wajawazito watapata tatizo linalohitaji mtaalamu. Hao ni 15 kwenye kijiji chenu, yaani mmoja au wawili kila mwezi. Wengine wanajulikana mapema: aliyezaa kwa upasuaji, mwenye mapacha, ambaye mtoto amekaa vibaya. Wengi hawajulikani. Mama aliyezaa watoto wanne bila shida anaweza kutokwa damu kwa wa tano, na damu ya baada ya kujifungua inaweza kuua ndani ya saa mbili.

Shikeni namba hizo tatu, 3,000, 100 na 15. Tutazirudia.

Vigezo

Cha kwanza ni kujua mnataka kuziba ucheleweshaji upi. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi uliogawa chanzo cha vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu, na mgawanyo huo ungali unafundishwa: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Vigezo vingine ni gharama, hasa ya mwaka wa pili, nani atabeba kazi, ushahidi uliopo, na mahali ambapo kila njia huharibikia.

Kabla ya yote, jueni kwamba hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoweka damu kwenye jokofu la kituo wala inayomleta daktari wa upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi Tanzania ulifanyika kwenye vituo vya kutolea huduma, kutoka asilimia 63 ya utafiti wa 2015/16, na vifo vya uzazi vilikadiriwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556. Ni hatua kubwa. Maana yake pia ni kwamba sasa wanawake wengi wanaopatwa na matatizo wapo tayari kituoni, au wamefika zahanati na wanahitaji kusogezwa mbele. Bali wastani wa taifa haukijui kitongoji cha ng'ambo ya mto.

Inaziba ucheleweshaji upi?

Chigonela na usafiri wa dharura zote zinapigana na ule wa pili, wa kufika, kwa namna mbili zinazopishana. Chigonela inaifuta safari kabla haijawa ya dharura. Usafiri unaifupisha saa ile ile mambo yanapoharibika.

Tofauti hiyo ina uzito nyumbani. Chigonela inamtaka mwanamke aondoke akiwa mzima, mahindi yakiwa yanahitaji palizi na watoto wadogo wakiwa wanauliza chakula kitapikwa na nani. Uamuzi wa kuondoka bila kuumwa ni mgumu kuliko wa kuondoka unapoumwa. Kwa hiyo chigonela inategemea sana ucheleweshaji wa kwanza uwe umeshatatuliwa, na nyumba hiyo haiutatui.

Usafiri, kinyume chake, unagusa kidogo uamuzi wenyewe. Familia nyingi zinazosema "tungoje kukuche" zinasema kwa adabu kwamba hawana nauli. Ikijulikana kwamba bodaboda au gari litakuja na halimdai mtu hela usiku huo, maneno ya kungoja kukuche hupungua.

Kikundi cha kina mama kinafanya kazi pale pa kwanza kabisa, kwenye uamuzi. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba: hizi ni dalili za hatari, zinaweza kutangulia kifafa cha mimba. Kuna nyumba ambako uvimbe husemwa ni dalili ya mtoto wa kiume na mtukutiko wa kifafa husemwa ni mashetani. Mjamzito anaweza kuwa ameyasikia yote kliniki na akayaelewa. Lakini usiku huo mwenye kuamua si yeye, ni mama mkwe, ni mume aliyeko machimboni anayepigiwa simu, ni shangazi aliyezalisha wajukuu sita. Kikundi kizuri kinawakalisha hao chini ya mwembe mmoja na mjamzito miezi kadhaa kabla, ndiyo maana wenye kuamua wote waalikwe.

WAJA naye yuko kwenye uamuzi, ila anaufuata nyumbani. Ana faida ambayo njia nyingine tatu hazina: anarudi baada ya mama kujifungua. Wiki ya kwanza ina homa za uzazi, damu inayozidi, mtoto anayegoma kunyonya, na ndiyo wiki ambayo mama yuko ndani na hakuna kikao wala gari linalomfuata.

Gharama, hasa ya mwaka wa pili

Hapa turudi kwenye 100.

Tuseme theluthi ya wajawazito wenu, wanawake 30, wanakaa mbali kiasi cha kuhitaji chigonela, kila mmoja akakaa siku 14. Hiyo ni mikesha 420 kwa mwaka, sawa na kitanda kimoja na kidogo kwa siku. Hata wote 100 wakienda, havizidi vitanda vinne. Kijiji kimoja kikijenga nyumba ya vitanda 12, vinane vitakuwa vinahifadhi mbolea ya ruzuku. Chigonela ni hoja ya kata au ya vijiji kadhaa vinavyopeleka rufaa kituo kimoja, na kiwanja chake ni cha kituo, si cha kijiji chenu. Mkilikubali hilo mapema mtajiepusha na ugomvi wa "kwa nini lijengwe kwao".

Kujenga kwenyewe kuna mchango, msaragambo na picha. Mwaka wa pili una magodoro, vyandarua, maji, choo, taa, mlinzi na kuni. Ule wa familia ndio usioandikwa popote: unga na maharage ya wiki mbili au tatu, nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kubaki na watoto. Huduma za uzazi kwenye vituo vya serikali kisera ni bure, ila kusubiri hakujawahi kuwa bure.

Usafiri unahesabika kirahisi kuliko zote. Safari za dharura ni 15 kwa mwaka. Ongezeni tano za tahadhari. Zidisheni kwa nauli ya usiku ya kwenu hadi kituo kinachofanya upasuaji, na mmepata bajeti ya mwaka mzima. Hamhitaji kuwa nayo yote siku ya kwanza. Cha lazima ni hela ya safari tatu zisizoguswa kwa jambo jingine. Tena sehemu ya gharama hiyo imeshabebwa. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, una namba ya bure 115: unapiga, mpokeaji simu anauliza hali ya mama, kisha anatuma gari la wagonjwa au, likiwa mbali, dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Kilichobaki kwa kijiji ni kipande cha mwanzo: kutoka kitongojini hadi barabara inayopitika, kwenye makorongo, kwenye kivuko, na pale ambapo mtandao unashika kwenye kichuguu kimoja tu. Gari la kijiji? Tairi, bima, dereva, mafuta. Kwa safari 15 hadi 20 kwa mwaka mtakuwa mmenunua mgogoro.

Kikundi kinakula hela kidogo na muda mwingi: posho ya mwezeshaji, mafunzo yake, kadi za picha, na mikutano ya kila mwezi kwa mwaka au zaidi.

WAJA analetwa na serikali. Mpango jumuishi ulizinduliwa Januari 2024 na aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Philip Mpango, kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, baada ya mafunzo ya miezi sita. Kijiji chenye vitongoji vitano kitakuwa na kumi; gawanyeni wajawazito 100, kila mmoja anapata kumi kwa mwaka. Ni mzigo unaobebeka. Kenya walizindua wahamasishaji 100,000 mwaka 2023, wakawapa mikoba ya vifaa na simu. Upande wa kijiji gharama ni ndogo na mara nyingi husahaulika: baiskeli, mabuti ya mvua, tochi, vocha.

Nani atabeba kazi?

Swali hili ndilo ningelipa nusu ya muda wa kikao.

Tuanze na usafiri, maana watu hudhani ni suala la chombo tu. Saa nane usiku mama amepasuka chupa, damu inatoka. Mume anambishia hodi mjumbe. Mjumbe anapaswa kuwa na simu yenye chaji, namba ya 115, na namba za waendesha bodaboda watatu walioandikwa kwenye daftari, si mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa amekunywa na wa pili pikipiki yake haina taa. Mama anayetokwa damu hakai nyuma ya pikipiki peke yake. Anahitaji mtu wa kumshika, kwa hiyo lazima pawe na mwanamke aliyekubali tangu mwanzo kuamshwa. Pasipopitika pikipiki kunahitajika machela na wanaume wanne. Mtu wa kutoa hela kwenye simu ya mfuko lazima awe macho, na wa pili wa kuthibitisha pia. Hayo yote ni majina ya watu, na majina hayo yabandikwe ukutani zahanati na kwa mjumbe.

Wenzetu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wana jambo la kutufundisha. Vikundi vyao vya machela, engozi, vilikuwapo zamani kabla ya magari kufika milimani: kila kaya ni mwanachama, kila mwanaume ana zamu ya kubeba, asiyebeba analipa. Ukitaka kuona ushiriki wa jamii usio na semina, ni ule.

Chigonela inabebwa na watu wawili ambao kijiji hakiwaajiri: mganga mfawidhi na muuguzi mkunga wa kituo. Wasipoingia kuwapima presha kina mama kila siku, ile nyumba ni gesti. Kwa hiyo ulizeni kituo kina wauguzi wangapi wa usiku kabla ya kuchimba msingi. Jamii inabeba kuni, maji na chakula kwa zamu za vitongoji, na zamu hizo hufa taratibu kuanzia mwezi wa nne.

Kwenye kikundi mtu ni mwezeshaji. Asiwe mke wa mwenyekiti kwa sababu tu ni mke wa mwenyekiti. Awe mwanamke wa hapo, anayejua kusikiliza, anayeweza kusikia habari ya mimba iliyotoka na isifike kisimani. Elimu kubwa si lazima.

WAJA anabeba mwenyewe, akisimamiwa na zahanati. Swali lenu ni kama kijiji kinamtambua: anapewa nafasi mkutano mkuu wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji anamjulisha wahamiaji wapya, au anatembea tu kama muuza vitabu?

Ushahidi unasemaje

Kwa vikundi vya wanawake upo wa kutosha kujadili. Utafiti wa Makwanpur, Nepal, ulichapishwa 2004, ukafuatwa na mingine India, Bangladesh na Malawi. Mwaka 2013 matokeo ya tafiti saba yalijumlishwa kwenye jarida la Lancet: palipokuwa na vikundi vya kujadili na kuchukua hatua, vifo vya kina mama vilikuwa pungufu kwa asilimia 37 na vya watoto wachanga kwa asilimia 23. Mahali ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walihudhuria, punguzo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa kijiji chenu hiyo ni kuwapata wajawazito 30 kwa mwaka. Wanawake wanane wale wale wanaokutana kila mwezi hawatoshi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hii mwaka 2014 kwa maeneo ya vijijini yenye huduma haba. Tahadhari yangu: tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika mahali ambapo wanawake wengi walikuwa wakizalia nyumbani. Kijiji ambacho tisa kati ya kumi wanazalia zahanati kisitegemee punguzo la ukubwa ule.

Chigonela zina sifa nyingi na majaribio machache. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2015 kwa maeneo ya mbali, likakiri kwamba ushahidi ni dhaifu. Jaribio la Jimma, Ethiopia, lililoboresha nyumba hizo na kuwafunza viongozi wa jamii, halikuonyesha ongezeko la wazi la kina mama kuzalia vituoni. Hilo halimaanishi hazifai. Linamaanisha kwamba kuboresha nyumba pekee hakumleti mtu.

Usafiri una mantiki ambayo haihitaji jarida kuieleza, japo kupima ni vifo vingapi umezuia kijijini ni kazi ngumu. Kwa wahudumu wa jamii, nchi nyingi zimeona wanawake wakihudhuria kliniki zaidi na mapema zaidi. Rwanda ilitenga mhudumu mmoja kila kijiji kwa ajili ya kina mama na watoto wachanga tu, na tangu 2009 wahudumu hao wakaanza kutuma ujumbe wa simu kufuatilia wajawazito. Lakini Rwanda ilifanya mengi kwa wakati mmoja, bima ya afya ikiwemo, kwa hiyo msimpe mhudumu sifa yote.

Panapoharibika

Usafiri huharibika hela inapokopwa. Mfuko unakaa miezi miwili bila dharura, mtu anaona zimelala, anakopeshwa "arudishe Jumatatu". Ukiwa kwenye kikoba, tenganisheni kabisa na hisa, na muwe na watia saini wa kitongoji tofauti.

Kikundi huharibika kinapogeuzwa darasa. Muuguzi anasimama, anahutubia saa nzima, wanawake wanaitikia "ndiyo" na kurudi nyumbani. Kwenye kikundi kinachofanya kazi, wanawake wenyewe hupanga matatizo kwa uzito. Mfano: picha tano zinawekwa kwenye mkeka, kila mmoja anapewa punje tatu za mahindi, anaziweka kwenye tatizo linalomuumiza zaidi. Ikiwa punje nyingi zimeangukia picha ya mjamzito anayebeba kuni, na muuguzi alitaka waongelee vyandarua, basi wanaanza na kuni.

Chigonela huharibika msimu wa kilimo, ikabaki tupu. Huharibika pia pale anapowekwa mama bila jiko wala mahali pa kufulia, akajisikia amefungwa.

WAJA anapoongezewa kila mradi, kwanza chanjo, halafu kipindupindu, halafu sensa ya mbuzi, mjamzito anakuwa wa mwisho kwenye orodha yake.

Kuna kosa la tano linaloweza kubandikwa kwenye njia zote: faini. Malawi machifu waliwahi kutoza kwa anayezalia nyumbani, na hata kwetu sheria ndogo za namna hiyo hupendekezwa mikutanoni, makofi yakapigwa. Anayezalia nyumbani mara nyingi ndiye maskini kuliko wote au aliyekutwa na uchungu usiku. Ukimtoza faini, mara nyingine atachelewa pia kupeleka mtoto chanjo kwa kuogopa kuulizwa. Siipendi, na sijaona ilipomsaidia mama mwenyewe.

Inamfaa nani

Mwanamke mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, au anayekaa ng'ambo ya mto unaofurika masika, chigonela inamfaa kuliko kitu kingine, mradi ana dada au mama wa kubaki na watoto. Asiye na wa kumwachia watoto haimfai, hata ikiwa na marumaru.

Usafiri unamfaa kila mtu na haumsaidii yeyote kujiandaa. Ni wa aliyefanya yote sawasawa na bado mambo yakageuka, na wa aliyefikishwa zahanati akaambiwa aende mbele.

Kikundi kinamfaa binti aliyeolewa mwaka huu, anaishi ukweni, hana sauti. Humo anapata wanawake wa kumsemea. Hakimfai anayeficha mimba, hasa mwanafunzi. Hatakuja kukaa kwenye mkeka watu wamwone.

Huyo ni wa WAJA, akiwa na WAJA mwenye staha. Vivyo hivyo mke wa mfugaji aliyehamia na ng'ombe, au mwanamke wa kambi ya uvuvi ambaye hana ndugu hapo na hajui mkutano ni lini.

Na wakunga wa jadi? Wataulizwa kwenye kila kikao. Hawazalishi tena kwenye mipango hii, lakini wanaaminiwa, na kuwakwepa ni kuwapoteza wateja wao. Kwenye usafiri, mkunga wa jadi ndiye mwanamke wa kuamshwa usiku. Kwenye kikundi akae mstari wa mbele. Kituoni, pale uongozi unaporuhusu msindikizaji chumba cha kujifungulia, anaweza kuwa mtu wa kumshika mama mkono. Usindikizaji huo wakati wa uchungu unapendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mkoani Kigoma wasindikizaji walishajaribiwa vituoni.

Kwa hali yenu

Kama hamjui mama zenu wanachelewea wapi, msichange bado. Mwombeni mganga mfawidhi awasomee daftari la rufaa la mwaka uliopita bila kutaja majina: waliosogezwa walikuwa wangapi, walifika zahanati saa ngapi tangu dalili zianze, walingoja chombo kwa muda gani, walipokelewa lini mbele. Jioni moja inatosha.

Kama barabara hukatika kwa wiki nzima masika, na kituo chenye upasuaji kiko ng'ambo, gari halitawasaidia wakati mnapolihitaji zaidi. Zungumzeni na kata kuhusu chigonela. Wakati jengo likisubiri, tafuteni nyumba mbili tatu za ndugu au waumini karibu na kituo zitakazopokea wajawazito miezi ile. Vijiji vingi vina watu hao bila kuwaita jina lolote.

Kama barabara inapitika na mtandao upo, lakini mama hufika zahanati akiwa amechoka kwa uchungu wa siku mbili, tatizo ni la uamuzi. Anzeni kikundi, mkilenga wajawazito 30 na mama wakwe zao.

Kama hufika zahanati mapema, kisha akakaa hapo saa tano akingoja kusogezwa, ni usafiri. Angalieni 115 inafanya kazi vipi kwenu, sajilini madereva wa hapo hapo, na wekeni hela ya safari tatu.

Kama WAJA wameshapangwa kwenye vitongoji vyenu, msianzishe wahudumu wenu wa pili kwa posho ya wazawa. Wapeni waliopo baiskeli na mabuti, na mwambieni mwenyekiti wa kitongoji awapokee.

Kama hela ni ya mara moja, imechangwa sikukuu na haitarudi hadi mwakani, epukeni kitu chenye bili ya kila mwezi. Mfuko wa usafiri, mafunzo ya mwezeshaji, machela mbili, sola ya chumba cha kujifungulia: hivi vinavumilia ukimya wenu wa miezi kumi na moja.

Na kama zahanati yenyewe haina mkunga wa usiku, au kituo cha rufaa hakina damu, wekeni njia zote nne pembeni kwa muda. Pelekeni jambo kwenye Kamati ya Usimamizi wa Kituo na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji aliandike kwenye muhtasari, diwani alibebe hadi halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Hoja inayoondoka kijijini Novemba ina nafasi, inayoondoka Mei itangoja mwaka mwingine.